Sauti Nyuma ya Pazia la Kizuka

Sehemu ya tisa

"Umenimaliza, Cadija. Kwa nini uliwaambia nilikuomba fedha?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Aliyesema ni Anabela, prokuradora wa wilaya, mwendesha mashtaka wa serikali aliyefukuzwa kazi. Alikuwa ameingia chumbani kwa mjane akiwa amejitanda baibui la kuazima. Aliyeambiwa ni Cadija, mke wa marehemu Suleimane, kizuka aliyekuwa bado ndani ya eda, nyuma ya pazia ambalo mwanamume wa nje halifunui.

Cadija alimtazama mgeni usoni, akapima kama ana wazimu au ana hila.

"Niliwaambia akina nani?"

"Tume."

"Mimi sijaonana na tume."

Anabela akatabasamu vibaya. Katika kazi yake alikuwa amesikia watu wengi wakikana, na wengi wao walikana kwa utulivu kama huo. Akaeleza kwamba jana aliitwa mbele ya tume, katika darasa moja la shule ya makao makuu ya wilaya, akasomewa ushahidi. Mjane wa Suleimane, nyumbani kwake Quitunda, akizungumza nyuma ya pazia, amesema prokuradora alikuja matangani akataka "chochote" ili kesi isonge mbele. Alipokosa, akamsingizia Bwana Milton. Na wala si maandishi peke yake. Wamerekodi.

"Wamerekodi sauti ya nani?"

"Yako."

Cadija akasema hakuna gari la tume lililosimama mlangoni kwake tangu azikwe mumewe. Wanaume waliokanyaga baraza lile ni shemeji yake Rajabo, na mwalimu wa madrasa aliyekuja kusoma dua. Mwingine hakuna.

Kisha yeye naye akauliza. "Na ulichukua?"

"Nini?"

"Fedha. Si kwangu. Kwa mtu mwingine. Huenda wamekosea nyumba, jambo hawakulikosea."

Swali hilo lilimchoma Anabela kuliko barua ya kufukuzwa. Miezi yote hiyo aliamini kwamba katika wilaya nzima kuna mtu mmoja asiyemshuku, naye ni huyu aliyekaa mkekani mbele yake.

"Sikuchukua," akasema.

"Basi nakuamini kwa sababu sina njia nyingine. Nawe niamini hivyo hivyo. Kaa."

Anabela akakaa.

Anayetusoma leo kwa mara ya kwanza ajue hivi. Suleimane alikuwa msemaji wa familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi kule Afungi, kaskazini mwa Msumbiji. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukunja mikono ya shati kabla ya kusema neno zito. Alianza kuuliza ilikuwaje mashamba ya watu wake yakagawiwa wageni ambao hawajawahi kupanda hata muhogo huku. Kila jibu lilielekea kwa Milton, mkandarasi tajiri na mtu mzito katika siasa za hapa. Alasiri moja Suleimane aliitwa kwenye gari karibu na soko, akaingia. Waliomwona tena walimwona kando ya barabara ya mchanga, amelala kifudifudi, mikono ya shati imekunjwa.

Anabela alifungua jalada. Akamwita Milton kuhojiwa. Kabla siku ya Milton haijafika, ikafika barua ya kumfukuza Anabela, na juma lile lile waendesha mashtaka wenzake wawili, wa wilaya nyingine, wakapata zao. Sababu iliyoandikwa ilikuwa utovu wa nidhamu. Maneno yakawa mengi, ndipo ikaundwa tume kuchunguza kama watatu hao walifukuzwa kwa makosa yao au kwa siasa.

Tume ikisema Anabela alifukuzwa kwa haki, jalada la Suleimane litafungwa, na hakuna mtu atakayethubutu kulifungua tena. Cadija alilijua hilo. Kwa hiyo alitaka kujua nani amekaa mahali pake na kusema kwa kinywa chake.

Lakini Anabela hakutaka tena kujua. Alisema amepata kazi mjini Nampula, atafundisha katika shule ya watu binafsi. Alikuja kuuliza tu kwa nini Cadija amemsingizia, na sasa amejua kwamba hakumsingizia. Tume inaondoka kesho asubuhi. Akamwomba Cadija aliache jambo lilale.

"Wakijua umesema kinyume, nyumba hii wataichukua," akasema. "Kazi yangu haina thamani hiyo, dada. Mimi mwenyewe nakwambia."

"Kazi yako sina haja nayo," akasema Cadija. "Wewe utaondoka. Atakayekalia kiti chako ameshaona yaliyokupata. Kila akiletewa maiti ya mtu kama marehemu wangu, atatazama kwanza nani amemuua, ndipo aamue kama amekufa."

Anabela alifungua kinywa amjibu. Nje gari likasimama.

Akachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Gari jeupe, nyuma yake gari la wanajeshi. Wanaume wawili walishuka.

Akarudi nyuma, uso umebadilika. Aliyefukuzwa kazi haruhusiwi kumkaribia shahidi. Akikutwa humu, kila atakachosema Cadija kitahesabiwa kuwa amefundishwa. Na mlango wa nyumba ni mmoja.

"Nani ameniona nikija?" akanong'ona. "Umemtuma mtu?"

Cadija akamwelekeza pembeni ya kitanda kwa kidole, akavuta pazia likafunga vizuri.

Barazani alikuwa Rachida, mama mkwe wake, mama mzazi wa Suleimane, akichambua mchele kwenye ungo. Wageni walipokaribia, hakuinuka.

Wa kwanza alikuwa Daktari Feliciano, au Dotori kama wasomi wanavyoitwa huku, mkuu wa tume, mtu wa kusini, mnene, mwenye adabu nyingi mno. Kiswahili hakujua. Wa pili alikuwa Gildo, mkalimani wake, kijana wa pwani hii hii mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za vumbi.

Feliciano alikuja kuchukua alama ya kidole cha mjane kwenye ushahidi uliokwisha kupigwa chapa. Gildo alimwambia asijisumbue, karatasi ataileta yeye. Feliciano akakataa. Katika maisha yake alikuwa na shaka na mtu anayependa sana kumpunguzia kazi.

Kabla ya kufika hapa walikwenda kwanza kwenye nyumba waliyofika wiki iliyopita. Wakaikuta imefungwa kwa kufuli. Gildo akasema mjane amelala, turudi. Lakini kwenye bomba la maji walikuwapo wanawake wanachota, na mmoja akapaza sauti bila kuulizwa kwamba hapo hapana mtu tangu mwenye nyumba ahamie mji wa Pemba, kizuka yuko mtaa wa pili.

Nyumba za Quitunda, kijiji cha waliohamishwa, zilijengwa kwa mkupuo mmoja. Ukuta ule ule, bati lile lile, baraza lile lile, na ndani mlango wa chumba mahali pale pale. Wenyeji huzijua kwa watu wake. Mgeni ukimketisha barazani, ukamwonyesha pazia na kumwambia nyuma yake kuna kizuka, atainamisha macho na kuamini. Hakuna atakayemwomba kizuka atoe uso.

Feliciano alikaa kwenye kiti. Akamsalimu Rachida kwa maneno machache ya Kiswahili aliyofundishwa. Rachida akaitikia kwa kichwa, akajifunika kinywa kwa leso.

Wanaomjua Rachida wangeshangaa. Huyu ni mama ambaye mgeni hamalizi kukaa kabla hajaulizwa habari za safari, za watoto, za wake, na za shemeji aliyebaki nyumbani. Siku hiyo alikuwa bubu.

Feliciano akazungumza kwa Kireno, polepole. Aliomba radhi kwa kurudi, akauliza kama tangu siku ile kuna mtu yeyote aliyekuja kumsumbua mjane kuhusu ushahidi wake.

Gildo akageukia pazia. "Mama, Dotori anasema weka kidole hapa, twende zetu."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, kwa Kireno safi cha darasani.

"Hukusema hivyo, Dotori. Umeuliza kama kuna mtu amenijia."

Gildo akacheka, akasema alikuwa anafupisha. Feliciano hakucheka. Aliisogeza miwani yake, akalitazama pazia kama ndiyo kwanza analiona.

"Wiki iliyopita, mama, hukujua Kireno."

"Wiki iliyopita hukuzungumza na mimi."

Gildo alisimama. Akasema upesi upesi kwamba mama huyu amechanganyikiwa na msiba, wanawake wa huku wakikaa eda muda mrefu husema mambo, na kwamba msafara hauwezi kusubiri. Maneno yalikuwa mengi kuliko haja. Feliciano aliyasikiliza yote, kisha akamwagiza akasubiri garini.

Gildo akaondoka. Alitembea taratibu sana, mkono mmoja mfukoni kwenye simu.

"Uko peke yako humo ndani?" Feliciano akauliza.

Pembeni ya kitanda Anabela alijibana ukutani. Cadija hakutaka kuanza ushahidi wake kwa uongo.

"Kizuka hakai peke yake, Dotori. Ndiyo desturi yetu. Ukitaka kujua ni nani, funua."

Mlangoni palikuwa na viatu vya mjini, vyeusi, vyenye visigino, vimejaa mchanga. Feliciano alikuwa ameviona tangu alipovua vyake. Akavitazama tena sasa, akalitazama na pazia. Hakufunua, wala viatu hakuvitaja.

Je, alikuwa anaheshimu desturi? Au ana mtu aliyemtuma, naye alikuwa anatunza kosa la Anabela ili alitumie baadaye? Cadija hakuweza kujua, kwa sababu pazia lilimziba yeye pia.

Feliciano akatoa chombo kidogo cha kurekodi. Akasema ana sauti ya mwanamke, na sasa ana wanawake wawili wanaojiita mjane mmoja. Mmoja ni mwongo. Akabonyeza.

Mwanamke alikuwa analia huku anasema. Alisema Suleimane hakuwa na ugomvi na mtu. Alisema Suleimane alimheshimu Bwana Milton. Alisema prokuradora alikuja kabla udongo wa kaburi la Suleimane haujakauka, akataka chochote.

Anabela, ambaye ni mtu wa bara, wa Mueda, alisikia uongo tu. Cadija alisikia kitu kingine. Huku kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, akiwa hai wala akiwa amekufa. Husema "mwenyewe", husema "marehemu". Huyu mwanamke alimwita Suleimane, Suleimane, bila kusita, kama mtu aliyempa jina hilo.

Na kilio chenyewe hakikuwa cha kuigiza.

Cadija aliegemea ukuta. Siku moja wiki iliyopita mama mkwe aliaga asubuhi kwamba anakwenda kumhani jirani. Alirudi mchana macho yamevimba. Siku iliyofuata Rajabo, mdogo wake Suleimane, aliachiwa kutoka mahabusu, alikokuwa amewekwa baada ya mazishi kwa tuhuma za kuwapelekea chakula watu wa msituni, waasi wenye silaha. Aliachiwa bila kuelezwa kwa nini. Wote nyumbani walilia kwa furaha. Cadija mwenyewe alimpikia shemeji yake wali wa nazi.

"Unaijua sauti hii?" Feliciano akauliza.

Akaeleza vizuri, kama mwanasheria. Akimjua msemaji na kumtaja, ushahidi ule utafutwa. Hoja ya kumfukuza prokuradora itaanguka, na jalada la mumewe litabaki wazi. Lakini aliyesema uongo mbele ya tume atashtakiwa, na chochote alichopewa ili aseme kitatafutwa mpaka kipatikane. Asipomtaja, sauti zote mbili zitatupwa, na tume itaondoka na kile ilichokuja nacho, yaani utovu wa nidhamu ulioandikwa kwenye barua.

Chochote alichopewa. Cadija alikiona kile chochote kikiwa kimekaa juzi barazani, kimekonda, kinakula wali kwa mikono miwili.

"Naijua," akasema. "Sitakutajia. Mwenyewe ana masikio, na yuko karibu."

Barazani mlio wa mchele kwenye ungo ulikoma.

Rachida akatoa leso kinywani. Aliinua uso, akamtazama mkuu wa tume, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema. Alisema kwa Kiswahili, akamwambia mkwewe atafsiri asipunguze neno.

"Magari yenu yamekunywa mafuta ya kutosha kuvuta maji ya kijiji hiki mwaka mzima. Mmekuja na wanajeshi wa kuwalinda ninyi, sisi hatukuletewa hata mmoja. Na mnachotafuta ni kwa nini watu watatu wenye mishahara wamekosa mishahara. Mimi nilikuwa na wana wawili. Nani amekuja kuuliza habari hiyo?"

Cadija akatafsiri neno kwa neno.

Feliciano hakuhitaji tafsiri. Maneno ya kwanza tu yalimtosha, ilikuwa sauti ile ile. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi.

"Mama," Cadija akasema kutoka nyuma ya pazia, sasa kwa Kiswahili, "huyu aliyefukuzwa ndiye aliyekuja kuuliza. Alifukuzwa kwa kuuliza."

"Najua," akasema Rachida. "Ningekuwa sijui, ningelala usiku. Wewe uliolewa na aliyekufa, mwanangu. Mimi nimemzaa na aliye hai pia."

Chumbani, Anabela alimshika Cadija mkono, akatikisa kichwa. Mwache. Basi. Cadija akauondoa mkono wake.

Feliciano aliuliza swali moja, kwa upole ule ule wa mashaka: nani alimchukua mama huyu akampeleka kwenye nyumba tupu, na nani alimfundisha la kusema.

Cadija akatafsiri. Rachida alikuwa bado anavuta pumzi, na kivuli kikaanguka barazani.

Gildo alikuwa amerudi. Hakuna aliyemsikia akija. Alikuwa anatabasamu, simu ameinyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mkubwa wake kikombe.

"Bibi, samahani. Ni Rajabo. Alikuwa anatembea barabarani kutafuta kazi, vijana wa Bwana Milton wamempakia garini. Anataka kukusalimia."

Feliciano akauliza anasema nini. Cadija alitaka kutafsiri, lakini Kireno chote kilimtoka kichwani. Neno lililobaki ni gari.

Rachida aliipokea simu. Akaiweka sikioni, upande wa leso. Akasikiliza muda mrefu, macho yake kwenye mchele. Alichoambiwa hakuna aliyekisikia ila yeye.

"Naam, baba," akasema. Akasikiliza tena. "Nimekusikia."

Gildo akanyoosha mkono ili arudishiwe simu.

Rachida hakumpa. Aliiweka chini kwenye mkeka, kando ya ungo, bila kuikata. Akajifunga leso kiunoni kwa mafundo mawili, kama wafungavyo wanawake wakiingia kazini, akageukia pazia.

"Nilisema walivyotaka ili wamwachie, na bado wamemchukua. Cadija, mwambie huyo mzee aandike. Aanze na jina la huyu aliyesimama hapa. Halafu aandike la aliyemtuma."

Tabasamu la Gildo likafutika. Akapiga hatua kuelekea mkekani, na wanajeshi wawili wa msafara, waliokuwa wameegemea gari lao, wakainuka. Hakuna aliyejua wameinuka kwa ajili ya nani.

Feliciano alianza kuandika. Nyuma ya pazia Cadija alitafsiri, jina la kwanza, kisha la pili, na kila alipotua kidogo ilisikika sauti ndogo ya mwanamume kutoka kwenye ile simu mkekani, inaita mama, mama, mama.